Simu Iliyotoka Omani

Wapo watu walioumbwa kufanya kazi, na wapo walioumbwa kuwatazama wenzao wakifanya kazi huku wakitafuta njia ya mkato. Nadir, fundi simu wa Darajani, alikuwa wa kundi la pili, ila njaa ilimlazimisha kukaa na la kwanza.

Meza yake ilikuwa chini ya ngazi ya nyumba ya watu, na kiti chake ndoo iliyopinduliwa. Lakini ufundi alikuwa nao. Pale juu kabisa ya kioo cha simu, panapojiandika jina la kampuni ya mtandao, Nadir alilifuta jina hilo akaweka utakalo. Bwana harusi aliandikiwa jina la mchumba wake. Karani mmoja aliandikiwa MHESHIMIWA, na tangu siku hiyo simu yake haikukaa tena mfukoni. Muuza pweza alitaka achorewe pweza, akachorewa, na watu wakaja kumtazama pweza wa simuni wakaishia kununua wa kwenye sinia.

Alichokitamani Nadir ni fremu, chumba cha duka chenye mlango, feni na kibao cha jina lake. Kheir, muuza vitu vya kale wa Shangani, alikuwa nayo moja tupu ubavuni mwa duka lake, na kila jioni Nadir alipita kuichungulia kama mchumba aliyekataliwa posa.

Basi asubuhi moja akaja Afra, mwalimu wa skuli, na simu ya bibi yake iliyopasuka kioo. Fundi anafungua skrubu, Afra anafungua mdomo.

"Bibi yangu Badriya, pale Mkunazini, ana sanduku la njumu, zile nakshi za shaba, la babu wa babu yake. Wazungu washalia machozi mlangoni. Hauzi! Ati linawangoja jamaa zetu wa Omani, waje walichukue wenyewe."

"Jamaa gani hao?"

"Hata yeye hawajui wote. Waliondoka zamani hizo." Afra akapiga mwayo. "Na Ijumaa mie nnakwenda Bwejuu kwa shangazi. Nnamwonea huruma bibi, atabaki peke yake."

Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini mwalimu mzima anamweleza fundi simu siri za nyumbani kwao. Nadir hakujiuliza kitu. Alikabidhi simu na kukimbilia Shangani.

"Yakhe Kheir, nikikuletea sanduku la njumu, la kale?"

"La nani?"

"La Mungu. Nikikuletea?"

"Likiwa la kale la kweli, fremu hiyo kaa mwaka mzima, sikudai kitu."

Ijumaa baada ya sala, aliyetoka chumbani kwa Nadir hakuwa Nadir. Kanzu ya Kiomani yenye kishada shingoni na kilemba chake alikodi kwa wapamba maharusi. Saa ilikuwa ya shemeji yake, ambaye alikuwa bado hajajua kwamba ameiazima. Halua na kichupa cha manukato vilikuwa vya Darajani, ndani ya boksi la Maskati. Lakini silaha yenyewe ilikuwa simu yake, kipenzi chake, aliyojinyima mengi mpaka akaipata. Juu ya kioo, penye jina la mtandao, aliandika OMANI, na pembeni akachora jambia. Nguo huazimwa, alijiambia, lakini mtandao nani atauazima?

"Hodi!"

"Karibu!" Bi Badriya alikuwa kizee mdogo mwenye miwani mikubwa.

"Shikamoo bibi. Mie Ammar, mjukuu wa nduguyo wa Maskati. Nimeshuka leo hii."

"Marahaba, mwanangu! Ya Rabi, damu yangu!" Akamkumbatia, akamketisha, akamtilia kahawa. Nadir akaiweka simu mezani, kioo juu. Bibi akaiinamia, akaitazama kwa muda, akavua miwani kufuta machozi. Angalau Nadir aliyaona ni machozi.

Bibi akaanza kumuuliza hali za kwao kwa Kiarabu. Kiarabu cha Nadir kilianzia chuoni, kwenye Kurani, na kuishia chuoni.

"Bibi," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "baba ameniusia nikija kwenu nisiseme ila Kiswahili, nisije nikaonekana nna kiburi."

"Kakulea vyema. Na halua tamu hii! Kama ya Darajani."

"Wanatuiga, bibi."

Sanduku lile pale ukumbini, jeusi, njumu zinameta. Bibi akalipapasa kifuniko. "Lenu hili. Lichukue." Nadir nusura apige vigelegele. "Lakini mila zetu unazijua. Jamaa wa Omani haondoki na mzigo wake. Alichokuja nacho hutuachia sisi tuliobaki, tumkumbuke."

"Naam, bibi."

"Hayo manukato kwenu si yapo tele?"

Manukato yakabaki. Kilemba kikabaki, maana kilimkumbusha baba yake. Kanzu ikabaki, Nadir akapewa shuka kuukuu ya kujifunga. Saa ilibaki kwa dua ndefu, na Nadir akaitikia amina akiiona sura ya shemeji yake.

"Na simu," akasema bibi.

Nadir akaivuta simu kwake. Namba za wateja, picha, kila alichokijua kilikuwa mle. "Simu, bibi..."

"Au sanduku likae, mwanangu? Hapana neno. Watakuja jamaa wengine."

Nadir akaitazama simu, akalitazama sanduku, akaiona fremu na feni ikizunguka. Akachomoa kadi yake, akafuta namba na picha zote, akaikabidhi. Bibi akamwombea safari njema.

Kheir alipoliona sanduku juu ya gari la kukokota, hakulifungua. Alilia kwa kicheko.

"Hili nimemuuzia mwenyewe Bi Badriya mwezi uliopita! Limechongwa juzi. Hununua kwa ajili ya jamaa zake wa Omani. Wewe wa tatu mwaka huu, yakhe. Wa mwanzo aliacha mpaka viatu."

Jumatatu Nadir alikuwa mezani kwake, ana jicho jekundu alilopewa na shemeji, Afra alipokuja na kuitua simu mbele yake. Simu ile ile.

"Fundi, bibi anakusalimu. Kila kadi tunayotia inaandika Omani. Tuondolee, yeye ataitumia hapa hapa."

Nadir akashindwa hata kukana. "Alijuaje?"

"Wajomba zangu wa kweli, wakishuka tu uwanja wa ndege, simu zao huvua mtandao wa kwao zikavaa wa hapa. Ndiyo malalamiko yao ya mwanzo, hata kabla ya joto. Yako wewe imefika mpaka ukumbini kwetu bado inajiita Omani."

Nadir akainama, akaifuta OMANI, akalifuta na jambia. Alifanya kazi safi, maana aliipenda simu ile. Kisha akajikaza, akataja ujira wake.

Afra akaitia simu mkobani. "Bibi kasema utafanya bure. Jamaa hatozani."

Akaenda zake. Nadir akakaa tena juu ya sanduku, maana ndoo alikwisha kumpa shemeji kufidia saa.