Chatu Mbele ya Kitambaa Cheupe

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu bado yuko kwa shangazi yake. Sababu yenyewe ukimsimulia mtu mwenye akili timamu atacheka. Aliniletea picha ya marehemu mama yake niikuze. Picha ya zamani, imepigwa nje ya nyumba yao, pembeni imelowa maji. Nikaacha wateja, nikaisafisha siku nzima. Nikaondoa baraza lililoinama, mpera, beseni la nguo, kuku wawili na mbwa aliyekuwa anajikuna. Nyuma nikaweka weupe mtupu wa kiwango cha pasipoti. Kichwa cha mama mkwe asilimia sabini ya picha. Masikio yote mawili yanaonekana. Ubalozi wowote ungeipokea!

Mke wangu akaitazama, akauliza nyumba iko wapi. Nikamwambia ilikuwa inaziba. Akauliza ile ya kwanza iko wapi. Nikamwambia kwenye kompyuta nimehifadhi hii juu ya ile, nafasi ni finyu, na ile karatasi ilikuwa imeoza, nimeitupa. Nikamkumbusha pia kwamba nyumba yenyewe ilishabomolewa, kwa hiyo picha sasa inaendana na hali halisi.

Akafunga begi.

Shukrani hakuna tena. Mtu umejijenga mwenyewe, kwa kamera ya kuazima na shuka la kitandani, mpaka una studio yenye kioo na kiti cha kuzunguka, halafu unaulizwa habari za mpera.

Leo wateja tisa. Kola saba zimepinda. Kuweka kola sawa ilikuwa kazi yake. Kitana chake bado kinaning'inia kwa uzi kando ya kioo. Nimekifuta vumbi. Sijakigusa zaidi ya hapo.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea mke wangu ndala zake. Kisingizio kizuri, nilikipanga tangu jana. Ndala hizo anaziburuza hivi kwamba nyumbani nilikuwa najua yuko chumba gani bila kuinua kichwa. Nilikuwa namwambia zinanikera. Sasa nyumba iko kimya mpaka nasikia friji ikijisemea.

Shangazi amenipokea sebuleni. Mke wangu alikuwa ameketi anatazama kalenda ya ukutani. Nani kaipiga picha ya Machi? Shemeji! Kaka yake mke wangu, mtu wa porini, mwenye fulana yenye mifuko kumi na minne na lenzi kama bomba la maji taka. Picha ni ya chatu kajikunja kando ya kidimbwi. Matete kila upande. Ndege mdiria juu ya kijiti. Matope. Nimehesabu: chatu mwenyewe hafiki asilimia kumi na tano ya picha! Mtaani kwangu kazi hiyo ungerudishiwa usoni.

Shangazi akasema mke wangu habandui macho kwenye picha ile, kwa sababu unaona nyoka anakaa wapi, anakunywa wapi, jirani yake nani.

Nikaelewa papo hapo. Mke wangu anapenda chatu.

Kumbe ndiyo hiyo tu! Miaka yote hii hakuniambia. Basi nitampa chatu. Mkubwa, safi, anayejaza fremu. Akimwona huyo, begi litarudi lenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Bustani ya nyoka, nje kidogo ya mji. Nimevaa tai. Kazi ni kazi.

Chatu wao ana urefu wa mita nne kasoro kidogo, anaishi nyuma ya kioo na beseni la maji, taa ya joto na gogo. Mtunza nyoka ni mama mmoja mwenye mabuti ya mpira na maneno machache. Nikamwomba atoe beseni. Akakataa, anywe nini? Nikaomba atoe gogo. Akasema gogo ni la chatu, niombe chatu. Tukakubaliana kwamba nitundike kitambaa changu cheupe nyuma ya kizimba, mengine nitayaondoa studio.

Tabu ilikuwa macho. Yamefunga ukungu wa kijivu, kama kioo cha bafuni. Mama akaeleza kwamba yuko karibu kujivua gamba, siku hizi haoni vizuri, nimwache. Nikasema kwenye pasipoti macho lazima yawe wazi. Akanijibu kwamba nyoka hana kope, ya kwake yako wazi tangu azaliwe, na kwamba katika miaka yote aliyomtunza mimi ni wa kwanza kumwambia ainue kidevu.

Nilirudi nikiwa na picha arobaini. Njiani nikageuka kumwambia mke wangu ile ya kidevu. Kiti cha pembeni kilikuwa na begi la kamera tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelifuta beseni. Nimelifuta gogo. Taa, waya, nyufa, vyote. Macho nimeyang'arisha kidogo. Nyuma nyeupe pe. Nikachapa, nikatia fremu, nikaipeleka kwa shangazi, nikasema nimempiga porini kwa mikono yangu.

Shemeji alikuwapo. Bila shaka. Akaishika picha, akaiinamisha huku na huku, akaniuliza kwa adabu zote:

"Shemeji, huyu chatu anasafiri lini?"

Shangazi akalazimika kwenda jikoni. Shemeji akaendelea, akaonyesha kidole katikati ya tumbo la nyoka. Kioo cha kizimba kilikuwa kimerudisha taswira yangu. Tai yangu, yenye mistari, imo tumboni mwa chatu kama chakula cha mchana. Nilikuwa nimetazama ukingo wote wa nyoka, ndani sikutazama.

Mke wangu hakucheka. Hilo ndilo baya. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati, uso chini.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji amejitolea kunipeleka kwa chatu wa kweli. Kwa upole! Mtu akitaka kukudhalilisha sawasawa hukusaidia. Anasema yupo mmoja kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, hutoka kuota jua asubuhi, amemfuatilia muda mrefu lakini bado anataka picha moja: chatu na mtu katika fremu moja, watu waone tunaishi jirani kiasi gani.

Nimepiga hesabu. Lenzi yake milimita mia sita. Yangu hamsini. Kwa hiyo mimi inabidi nisogee karibu mara kumi na mbili. Hesabu haina ubaya wowote ikiwa kwenye karatasi.

Jumatano, 12 Machi

Machimboni tangu kuche. Mwamba mmoja mpana, kidimbwi cha maji ya kijani, matete, mabati yaliyooza. Uchafu wa kutosha kumtia mtu homa. Shemeji akanionyesha ufa anamotokea chatu, akasema tukae kimya, tusiguse kitu. Akaingia nyuma ya kichaka kufunga kamera yake kwenye miguu mitatu.

Alipogeuka nilikuwa nimeshafagia mwamba. Nilikuja na ufagio, sikuja mikono mitupu. Nikawa nang'oa matete ya mbele, nikatundika kitambaa cheupe kwenye yale mabati. Shemeji hakupaza sauti. Alivua kofia, akakaa juu ya jiwe, akaniuliza kama dada yake alikuwa ananifungia ndani au vipi. Akasema kwa leo hatoki hata mjusi. Akafungasha vyombo vyake, akapanda kwenda kuvipakia garini.

Nikabaki peke yangu. Nikakunja kitambaa, nikaona angalau nipate ushahidi kwamba nilifika. Nikaweka kamera juu ya jiwe, nikaiwasha ijipige yenyewe, nikasimama mkono kiunoni.

Hapo nikasikia ndala. Wallahi! Nyuma yangu, juu ya kokoto, kitu kinaburuzwa polepole, kinasimama, kinaburuzwa tena. Nilijua ni mawazo. Angejuaje njia ya huku? Lakini moyo haukusubiri hesabu. Nikageuza uso upande wa njia itokayo mjini, kama atatokea hapo. Kamera ikalia. Sauti ikakoma. Sikuona mtu.

Nikakusanya vitu vyangu, nikapanda kwenye gari. Shemeji aliniuliza mbona macho mekundu. Nikasema vumbi.

Alhamisi, 13 Machi

Picha ya machimboni ni mbovu. Sitazami kamera. Sikio moja. Nyuma vurugu tupu: mawe, matete, vivuli, madoadoa. Sikuchunguza, nani atachunguza takataka? Nimefuta vyote, nimeweka weupe. Nimehifadhi juu ya ile ya kwanza. Kadi ya kamera nimeisafisha, kesho kuna wanafunzi wa kitambulisho.

Nimeichapa picha, nimempa shemeji ampelekee dada yake. Ajue tu kwamba nilikwenda.

Jumapili, 16 Machi

Nimeitwa kwa shangazi! Nilinyoa mara mbili.

Mke wangu ndiye aliyefungua mlango. Picha ilikuwa mkononi mwake. Akanikalisha, akaweka ukucha chini ya kiwiko changu, pale mkono ulipokuwa kiunoni. Kipembetatu kidogo kati ya mkono na mbavu. Nilikisahau! Nyuma yote nyeupe, hapo peke yake hapakufutwa. Na ndani ya kipembetatu kile, mabaka ya kahawia yenye kingo nyeusi, yamepangana, yanang'aa.

Shemeji akaleta kioo cha kukuza. Akatazama. Akakaa chini. Akauliza taratibu picha ya asili iko wapi. Nikamweleza. Akauliza kadi. Nikamweleza. Akatoka nje, tukamwona dirishani anazunguka mti na mikono kichwani. Nilikadiria mita mbili kati ya mgongo wangu na chatu. Nikageuka kutazama nyuma yangu, kwa kuchelewa.

Na mke wangu akacheka. Alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye mkono wa kiti. Kicheko kile sijakisikia tangu kabla ya mpera. Kisha akafuta macho, akauliza mbona nilikuwa natazama pembeni, mimi ambaye hata siku ya harusi nilitazama kamera.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na jibu zuri kuhusu mwanga. Nikamwambia nilisikia mburuzo, nikadhani ni ndala zake.

Shangazi akakumbuka kazi jikoni. Halafu mke wangu akauliza kama nyumbani kuna kitu nimeondoa. Nikasema hakuna, kitana kipo kwenye uzi wake.

"Basi Jumamosi nakuja," akasema. "Utanipiga picha mlangoni, na mlango wetu uonekane."

Jumamosi, 22 Machi

Amekuja! Amekuja na begi, na ndala miguuni.

Nimempiga picha hata kabla hajaingia. Sijawahi kupiga picha kama ile. Anacheka, begi limemning'inia begani, ndala moja imetoka mguuni. Nyuma yake mlango wetu na rangi yake inayobambuka, ndoo ya jirani, nguo kwenye kamba, na shemeji aliyebeba godoro dogo tulilopewa na shangazi, anatoa meno yote. Mke wangu mwenyewe akaitazama kwenye kamera, akanigusa shavu, akasema hii itundikwe juu ya kitanda. Kisha akaingia studio kimya kimya, akakiona kitana. Akakitikisa kidogo kwenye uzi, akaenda kuchemsha chai.

Nikaona nisimcheleweshee. Nimekaa kwenye kompyuta kumwandalia zawadi yake. Mke wangu hawezi kutundikwa juu ya kitanda pamoja na ndoo ya jirani. Nimeondoa ndoo. Nguo. Shemeji na godoro. Mlango nilitaka kuuacha, kweli nilitaka, lakini ile rangi inayobambuka ingetuaibisha. Sasa nyuma ni nyeupe, haina hata alama, yeye yuko katikati anang'aa. Nimehifadhi juu ya ile ya kwanza.

Na safari hii sikufanya uzembe. Nimekagua mpaka chini ya kiwiko.

Nasikia ndala zinakuja, zinaburuzwa, na vikombe viwili vinagongana. Nimegeuza skrini ielekee mlangoni, aione akiingia.