Kukwama Mbele ya Greda

Jumanne, 14 Julai

Leo nimekwama vizuri sana. Kona ya Chemchemi, asubuhi, upande wa kivuli, pale maji yanapotoka mwambani na kuganda juu ya lami. Gurudumu moja mtaroni, mengine barabarani. Nilishuka, nikatazama, sikuridhika. Nikarudi kwenye usukani, nikaisogeza pikapu kidogo ionekane imepatwa na makubwa.

Kisha nikajifunga blanketi langu, nikaegemea mlango kwa huzuni, nikamsubiri Keneuoe.

Keneuoe ndiye dereva wa greda ya idara ya barabara hapa mlimani kwetu Moteng. Huu ni msimu wake wa pili wa theluji, maana huku kusini Julai ndiyo baridi kuu. Nimeshawaona wanaume na magreda yao, wanakwangua mpaka lami inalia, na asubuhi yake barabara imekuwa kioo. Yeye anaacha ngozi nyembamba ya theluji, anaimwagia kokoto, na magari yanapita hapo kama yanaingia sebuleni. Kabla ya kuingiza greda kwenye kona anashuka, anaikanyaga kwanza kwa kisigino cha buti, taratibu, akisikiliza barafu inasema nini. Wanaume wazima hupanda mlima huu wakiomba Mungu. Yeye hupanda akitafuna mahindi ya kukaanga.

Nampenda. Naandika hapa kwa sababu kwingine kote nimeshindwa kulisema.

Alikuja. Akasimamisha greda, akauliza kama nimeumia. Nikamjibu ni moyo tu. Akasema moyo haumo kwenye kazi za idara, akanirushia sepeto, akaita ofisini kwa redio kwamba kuna gari limekwama, akaendelea na safari. Lakini alisimama! Wiki iliyopita alipunguza mwendo tu. Hayo ni maendeleo.

Jumatano, 15 Julai

Habari mbaya. 'M'e Mamokete, mama wa maandazi pale chini mlima unapoanzia, mwenye kujua ya watu kabla wenyewe hawajayajua, ameniambia mkuu wa barabara atakuja Jumatatu. Baada ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme ataamua greda ibaki Moteng au ipelekwe mlima mwingine. Na greda ikiondoka, dereva wake anaondoka nayo.

Andazi lilinikwama kooni. 'M'e Mamokete akanipiga mgongoni, akasema, "Mwanangu Sekhobe, si umwambie tu huyo msichana? Una mdomo, una meno, unangoja nini?"

Wanawake wakubwa hawaelewi mipango. Mimi nimeshafikiri. Kila gari likikwama Keneuoe anaita kwa redio, na mkuu anasikia. Magari yakikwama kila siku, mkuu ataona kona hii ni ya hatari. Akiona ni ya hatari, ataiacha greda. Ni hesabu nyepesi, nashangaa hakuna aliyeifikiria.

Nikakwama asubuhi. Nikakwama tena jioni, upande wa pili, kwa ajili ya mabadiliko. Mara ya pili Keneuoe aliniuliza, kwa upole kabisa, kama leseni yangu niliipata kwenye mnada wa ng'ombe. Amenitania. Mtu hamtanii asiyemjali.

Alhamisi, 16 Julai

Mokhethi! Huyu bwana ana trekta jekundu na mabega mapana, na hajui kukaa kwake. Nilikuwa nimekwama kwa ustadi, greda bado iko juu huko, mara trekta hilo. Kabla sijafungua mdomo ameshafunga mnyororo kwenye bampa. Nikamwambia sijakwama, nimeegesha. Akauliza kwa sauti ya kusikika hadi bondeni, "Kaka, umeegesha mtaroni?" Wageni kutoka ng'ambo ya mpaka, waliokuja kuona theluji wakiwa na viatu vya kwendea dukani, walicheka mpaka wakashikana.

Akanivuta. Hata asante hakungoja. Greda ilipofika, hakukuwa na cha kuokolewa, ila Mokhethi anafuta mikono. Wakanywa chai pamoja kutoka kwenye chupa ya Keneuoe. Kikombe kimoja! Mimi nikajifanya naangalia rejeta.

Mchana redio ilitangaza baridi kali inakuja. Hata bila redio tungejua. Farasi wa malisho ya juu wameteremka wenyewe, na watu wanaongeza mawe juu ya mabati. Keneuoe amepita kila kibanda akitoa agizo moja: anayetaka kuvuka mlima avuke kesho kabla ya adhuhuri, awe na minyororo ya matairi, chakula na blanketi kwa kila mtu garini, na asisimame kwenye kona kupiga picha. Alisema bila kupaza sauti. Vijana wanaobishana hata na baba zao walikuwa wanaitikia tu, ndiyo dada, ndiyo dada. Nilisikia fahari utadhani ni mimi niliyemfundisha.

Ndipo nikapata mpango mkubwa. Kukwama peke yangu hakutoshi. Lazima anione naokoa. Nimezungumza na binamu yangu Tšitso. Kesho adhuhuri atajikwamisha na kale kagari kake Kona ya Chemchemi, nami nitashuka kutoka juu na kamba, nimuokoe mbele ya Keneuoe. Tšitso akauliza, na agizo la kuvuka kabla ya adhuhuri je? Nikamwambia agizo ni la wageni.

Kwa ajili ya mwonekano nimechukua blanketi la Mjomba Sekake, lile zito la harusi na sikukuu za Mfalme. Mjomba ana mafua, kesho haendi uwanjani. Lingekaa bure sandukuni.

Ijumaa, 17 Julai, sikukuu

Nimekaa karibu na moto, naandika.

Dhoruba haikungoja mpango wangu. Nilikuwa bado juu, najipanga, mara upepo ukageuka na mlima mzima ukapotea. Sikuona boneti ya gari langu mwenyewe. Nikaanza kushuka kwa gia ya kwanza, nikasema moyoni Tšitso ana akili, atakuwa amerudi nyumbani.

Tšitso hajawahi kuwa na akili. Alikuwa pale pale, amekwama kikweli, na nyuma yake foleni ya wageni waliochelewa. Nilipoona taa zake nikakanyaga breki. Mtoto mdogo wa huku anajua kwamba barafu haikanyagiwi breki. Mimi nilikanyaga. Pikapu ikazunguka polepole, kwa adabu kabisa, ikasimama kukingama barabara. Mwamba mbele, nyuma korongo. Hakuna wa kupanda, hakuna wa kushuka.

Kwenye gari lililomfuata Tšitso kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga. Hawakuwa na blanketi hata moja. Kioo kimeganda, mtoto analia, kisha ikaja saa akaacha kulia, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Nilimwangalia mama yule nikajua ni mimi niliyeziba njia. Sijawahi kuogopa vile. Niliogopa hadi nikasahau kuwa nina mpango.

Kisha tukasikia greda ikishuka kutoka juu. Haikuonekana, ilisikika tu. Mbele yake akatokea Mokhethi anatembea na kurunzi, anakagua ukingo, na Keneuoe juu ya greda anafuata kurunzi yake hatua kwa hatua. Aliruka chini. Kwanza alimchukua mtoto na mama yake, akawaweka kwenye kibanda cha greda penye joto. Akavua koti lake akawafunika. Halafu ndipo alipogeuka akatazama pikapu yangu, kisha akanitazama mimi.

Hakunigombeza. Alisema, "Kaka Sekhobe, mablanketi chini ya magurudumu ya nyuma, sasa hivi."

Nilikuwa na blanketi moja tu, la mjomba. Kwetu mtu anaweza kugawa ugali wake wa mwisho lakini blanketi halikanyagwi hata kwa bahati mbaya. Nililivua, nikalitandika kwenye barafu, nikalisukumia chini ya tairi kwa mikono yangu. Mokhethi akalivua lake, akaliweka chini ya tairi la pili. Keneuoe akashika usukani wa pikapu. Tairi likazunguka, likauma sufi, likalitafuna blanketi la mjomba huku nalisikia likichanika, na gari likajivuta hadi likakaa upande wa mlima.

Halafu kazi aliyoifanya! Alikwangua njia ya upana wa gari moja, akamwaga kokoto, akakavuta kagari ka Tšitso, akayageuza magari moja moja yatazame chini, akatupanga nyuma ya greda kama mwalimu na watoto wa chekechea. Gia ya kwanza. Hakuna breki. Fuata taa ya aliye mbele. Yeyote atakayejifanya mjanja atamwacha huko huko. Tukateremka kona baada ya kona, upepo unatusukuma, na kila nilipodhani sasa tunakwenda korongoni, taa ya greda ilikuwa pale mbele, haitikisiki. Naapa hakuna mtu kama yule kwenye milima hii yote.

Mtoto alilala njia nzima. Tulipofika kwa 'M'e Mamokete aliamka akadai ziwa, na kibanda kizima kikacheka kwa nafuu. Nililia kidogo. Nikasema ni moshi wa samadi inayowaka jikoni.

Kisha Keneuoe akamuuliza Tšitso kwa nini alipanda wakati ule. Tšitso alikuwa na bakuli la supu na mdomo usio na mlango. Akaeleza yote. Mpango, kamba, mwonekano. Keneuoe akamaliza chai yake, akatoka. Ningefurahi zaidi angenipiga.

Jumamosi, 18 Julai

Anga safi, mlima mweupe mpaka macho yanauma. Uzuri wa kuudhi.

Nimempelekea Mjomba Sekake kilichobaki cha blanketi. Aliligeuza geuza, akapenyeza kidole kwenye tundu, kisha mkono, kisha kichwa. Akauliza kama hii sasa ni shati. Nikamweleza habari za mtoto. Akafikiri sana. Akasema kwa kuwa limemwokoa mtoto hawezi kunilaani, na kwa kuwa liliibwa hawezi kunyamaza, kwa hiyo atanitukana mpaka chakula cha mchana tu. Akatimiza ahadi. Chakula kilichelewa.

Alasiri nikapanda kwenda kumwomba Keneuoe radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Kona ya Chemchemi nikateleza, nikaingia mtaroni. Safari hii kweli kabisa, sikukusudia! Greda ikapita. Keneuoe akanipungia mkono na kuendelea. Mokhethi akapita, akapiga honi, akaniuliza kama nimeegesha. Nimechimba peke yangu mpaka jua likazama.

Jumatatu, 20 Julai

Mkuu wa barabara, Ntate Phafoli, amefika. Mtu mfupi, kofia kubwa. Alikusanya watu kwa 'M'e Mamokete akasema wiki nzima amesikiliza redio. Kila siku kona ile, kila siku pikapu ile ile, na siku ya dhoruba foleni nzima, na dereva huyu hakushindwa hata mara moja wala hakupoteza mtu.

Nilivimba kwa fahari. Nikamkonyeza Tšitso kwamba mambo yameiva.

Ntate Phafoli akasema dereva wa namna hiyo kumwacha Moteng ni hasara. Kuanzia Jumatano Keneuoe ni mkuu wa kikosi cha barabara ya Matebeng, kule kusini mashariki, kubaya kuliko kote. Greda inakwenda naye. Kona ya Chemchemi amekabidhiwa Mokhethi na trekta lake, maana naye amejionyesha.

Watu wote wakapiga makofi, nami pia.

Jumanne, 21 Julai

Amekuja kwangu! Mwenyewe, kwa miguu, hadi uani. Nilikuwa nimeshika ndoo ya kuku.

Alisema alijua tangu mwanzo, kwa sababu alama za matairi zilionyesha kwamba kila nikikwama ninarudi nyuma kujipanga vizuri. Alisema Ijumaa alitaka kuniacha mlimani. Kisha akasema yule mtu aliyetandika blanketi bila kufikiri, huyo alimpendeza, na angependa kumwona tena. Huyu mwingine wa kujitupa mitaroni hana haja naye. Akasema Matebeng ni mbali na njia ni ya mawe matupu. "Lakini siku utakapofika kambini kwangu umeendesha kama mtu mzima, hujakwama hata mara moja, nitakupikia chai na utasema ulilonalo. Nitakusikiliza mpaka mwisho."

Nikaitikia, ndiyo dada. Ndoo ikaniponyoka. Akacheka, akaenda zake, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya kuku, mtu mwenye furaha kuliko wote katika nchi hii.

Mchana nilimtafuta dereva wa lori anayejua Matebeng. Nikamhoji kwa makini, maana safari hii sitaki kubahatisha. Anasema barafu hukaa huko mpaka Septemba. Kuna kona tatu mbaya kabla ya kambi. Mbili za kwanza hazionekani kutoka popote, hazina faida. Ya tatu inatazamana na dirisha la jiko. Mtu akiwa anachemsha chai anaiona yote.

Nimeichagua hiyo. Gurudumu la kushoto mtaroni, pua ielekee dirishani.