Kilo Zilizozidi za Mratibu Mkuu

Tangazo lilibandikwa Jumatatu saa mbili asubuhi kwenye ubao wa Ofisi ya Uratibu wa Utekelezaji, Makambako, likiwa na mihuri miwili, mmoja wa duara na mwingine wa mstatili, ili asije mtu akasema hakuliona. Lilisema kuwa kuanzia siku hiyo uzito wa Mratibu Mkuu, Ndugu Odilo Mtweve, ni kiashiria rasmi cha utendaji wa ofisi. Kuwa uzito huo utashuka kilo mbili kila wiki. Na kuwa ifikapo tarehe 30 Juni utakuwa kilo tisini kamili, iwe mvua iwe jua.

Ofisi hiyo ilikuwa na watumishi kumi na mmoja, na kazi yake ilikuwa kuratibu utekelezaji. Utekelezaji wa nini, hilo halikuwa swali la mtumishi kuuliza.

Mwezi Septemba Ndugu Odilo alikuwa amesafiri hadi Dar es Salaam, akalazwa, madaktari wakampunguza tumbo la chakula likabaki kama ndizi moja. Aliingia hospitali akiwa na kilo 146, magoti yakimlia kama bawaba za mlango wa ghala, kisukari kikimnyemelea, na mkewe Dorosela akiwa ameshahamia chumba cha wageni kwa sababu ya kukoroma. Alirudi na uji mwembamba, vidonge vya vitamini, na imani kubwa. Ndani ya miezi mitatu kilo ishirini na saba zikaondoka. Aliwashukuru madaktari, lakini rohoni alijua kuwa madaktari wanakata tu. Kinachoshusha uzito ni uongozi.

Kila Jumatatu mizani ililetwa ukumbini. Mratibu Mkuu alivua viatu, akavua koti, akapanda. Katibu muhtasi wake, Anneth, alisoma namba kwa sauti, watumishi wakapiga makofi, kisha Anneth akachora nukta kwenye manila iliyobandikwa ukutani. Mstari uliteremka kama lori lililokatika breki mlima Kitonga.

Jumatatu ya pili ya Januari Anneth alisoma, "Mia na kumi na nane nukta nne." Makofi. Wiki iliyofuata akasoma, "Mia na kumi na nane nukta nne." Makofi machache. Wiki ya tatu alisoma kwa sauti ya chini, "Nukta sita, Mkuu," na mtu mmoja kule nyuma akapiga kofi moja kisha akajuta.

Mratibu Mkuu hakuwa mtu wa kutaharuki. Siku hiyohiyo mizani ilipewa barua ya uhamisho kwenda ofisi ndogo ya Kitandililo, kwa manufaa ya umma. Ikaletwa nyingine, iliyoazimwa kwa mfanyabiashara wa viazi. Hiyo ilisema kilo 119. Ikarudishwa kwa mwenyewe na shukrani.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Kusimama kwa Uzito, wajumbe watano. Kamati ilikaa vikao sita. Kila kikao kilikuwa na supu ya kuku na chapati, na Mratibu Mkuu, ambaye tumbo lake lilikuwa linapokea vijiko vinne tu, alikaa kwenye kiti cha mbele akiwaangalia wanavyochunguza. Taarifa yao ilikuwa ya kurasa ishirini na mbili. Ilibaini kuwa uzito umesimama kwa sababu haushuki. Ilipendekeza uzito uongezewe muda.

Alhamisi moja ya Februari akaenda Njombe kliniki, kwa mfuatiliaji wake, Sista Zamda. Alikaa kwenye benchi saa mbili na nusu, cheo chake kikiwa hakijulikani kwa mtu yeyote. Alipoingia alifungua bahasha na kumkabidhi muuguzi taarifa ya kamati. Zamda aliiweka pembeni bila kuifungua.

"Baba, kwa siku unakula nini?"

"Kidogo sana. Jana sikula kabisa. Nimeongeza nidhamu."

"Na mayai? Samaki? Maharage?"

"Nimesitisha mpaka uzito utakapotoa ushirikiano."

"Unatembea?"

"Nina gari la ofisi."

"Na kunywa? Maji unakunywa?"

"Maji nayanywa. Na ulanzi kikombe kimoja, ila pombe ya mianzi si chakula, ni kimiminika."

"Kikombe kimoja kwa siku?"

"Kwa mgeni. Ofisi yetu ina wageni."

Zamda alimtazama bila hasira. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye hijabu ya kijivu na kalamu tatu mfukoni. "Baba, kusimama ni kawaida. Karibu kila mtu aliyepita humu amesimama, mwingine wiki tatu, mwingine miezi. Mwili umepoteza kilo ishirini na saba kwa mkupuo, sasa unapumzika, unajipanga. Wewe unaunyima chakula, nao unazidi kushikilia kilichobaki."

"Unapumzika," alisema Odilo. "Umeruhusiwa na nani?"

"Haujaomba ruhusa, Baba."

Akamwandikia kwenye kikaratasi: protini kwanza, milo midogo mitatu bila kuruka, ulanzi aache, atembee kidogo kidogo, apime kiuno kwa futikamba na mizani apande mara moja kwa mwezi. Odilo alikipokea, akakigeuza, akaona hakina muhuri. Akakitia mfukoni kama mtu anavyopokea maoni ya mwananchi.

Dorosela alimkuta jioni moja ameketi ukingoni mwa kitanda, nyumbani kwao Mahongole, mikono kwenye magoti. Sahani ya dagaa aliyomwekea tangu mchana ilikuwa haijaguswa. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Baba Dainess, umekula?"

Alitikisa kichwa. Akasema, "Mama Dainess, tumbo nimeshakata. Sasa nikate nini?"

Huyu alikuwa mtu ambaye katika miaka ishirini na tisa ya ndoa hakuwahi kumuuliza mkewe swali ambalo hakuwa na jibu lake. Dorosela akaketi pembeni yake.

"Mimi mambo ya kilo siyajui," alisema. "Ninachojua, viatu siku hizi unafunga mwenyewe. Na mimi nimerudi kulala humu. Hukuliona hilo?"

"Halimo kwenye manila."

"Basi liongeze," alisema Dorosela, akaenda kuchemsha yai. Odilo alilila lote, taratibu, kwa vijiko sita, akaona aibu kama mwizi.

Pengine mambo yangetulia hapo. Lakini Machi ilikuwa inaisha, na Machi ikiisha mkoa unataka taarifa ya robo mwaka. Ndugu Odilo alikaa mbele ya fomu kutwa nzima. Kwenye kisanduku cha uzito angeandika 118.6, na kisanduku kile kingesomwa Njombe na watu ambao walikuwa wakisubiri kwa hamu aanguke. Akaangalia manila. Akachukua rula, akauendeleza mstari kwa penseli kama ulivyokuwa ukienda kabla haujakosa adabu. Rula ilifika 104. Hakudanganya, alitumia makadirio. Penye "siri ya mafanikio" akaandika: *Kutembea kwa miguu kilomita nane kila siku, kutoka Mahongole hadi ofisini na kurudi, pamoja na nidhamu.*

Akagonga mihuri yote miwili.

Wiki tatu baadaye Mratibu wa Mkoa, Ndugu Halfan Mbawala, alifika Makambako mwenyewe. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mwendo wa pole, sauti ya kuzoea vipaza sauti. Aliwakusanya watumishi, akaisoma taarifa yote kwa sauti, na alipofika kwenye kilo 104 akamtazama Odilo kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Kwenye taarifa unaonekana mwembamba zaidi."

"Ni koti, Mkuu. Baridi ya huku."

"Tumpime?" aliuliza mjumbe mmoja wa kamati, ambaye kwa supu zile alikuwa ameongezeka kilo tano.

"Taarifa yenye mihuri miwili haipimwi," alisema Halfan. Kisha akatoa pongezi, na baada ya pongezi akatoa uamuzi. Kwa kuwa Mratibu Mkuu anatembea kwa miguu kila siku, mkoa umeona gari lake halina matumizi. Gari litapelekwa Manda, kule ziwani, ambako mwenzake anapanda bodaboda. Watumishi walipiga makofi ambayo hayajawahi kusikika katika ukumbi ule, hata wakati wa makofi ya amri.

Kesho yake asubuhi Ndugu Odilo Mtweve alitoka nyumbani kwa miguu, kwa mara ya kwanza tangu apate cheo. Alivaa sweta mbili. Alifika kwenye mashine ya kusaga, mita mia tano kutoka mlangoni kwake, akaomba kiti.

"Kamwene, Baba," alimsalimia mama mwenye debe la mahindi. "Gari limeharibika?"

"Kamwene. Limehamishwa."

Siku ile alimaliza safari kwa bodaboda. Lakini kila siku alikisogeza mbele kidogo kile kituo cha kupumzika: kwenye kibanda cha vocha, kwenye kanisa, kwenye karakana ya seremala. Njiani njaa ilimuuma, njaa ya kweli yenye kizunguzungu, na siku aliyokaribia kuanguka mbele ya seremala ndipo alipokitoa mfukoni kile kikaratasi cha Zamda, kimekunjika na kuchakaa, akakisoma upya neno kwa neno. Akaanza kubeba mayai mawili ya kuchemsha. Wageni wa ofisi wakaanza kupewa chai. Sweta ikaanza kumpwaya, na yeye, kwa kuwa mizani ilikuwa Kitandililo, hakujua ni kwa kiasi gani.

Alijua Julai, siku ya upimaji afya wa watumishi. Alipanda mizani ya wapimaji, akafumba macho.

"Mia na kumi na mbili," alisema mpimaji.

Odilo alishuka, akapanda tena. Mia na kumi na mbili. Alitaka kumpigia Dorosela palepale. Lakini namba ilikuwa imeshaandikwa kwenye fomu, fomu ikaenda Njombe, na Njombe ikakutana na taarifa ya Machi ikiwa salama kwenye faili lake. Baada ya siku kumi ikaja barua kutoka Jopo la Uadilifu wa Takwimu. Ilisema kuwa mkoa unatambua uzito wake halali kuwa kilo 104. Afike mbele ya jopo kueleza amezipata wapi kilo nane zilizozidi, na kama kuna mtu mwingine anayehusika.

Anneth aliisoma, akafunga mlango. "Mkuu, tuandike ni nguo. Julai hii, Njombe, nani atabisha? Sweta, koti, buti, soksi mbili. Nane zinatimia."

Lilikuwa jibu zuri. Odilo alikaa nalo kutwa, akalibeba nyumbani, akamweleza Dorosela.

"Wakikwambia uvue?" aliuliza Dorosela.

Jopo lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti alikuwa Ndugu Halfan. Odilo alisimama mbele yao.

"Hazijazidi, Mkuu," alisema. "Mimi kilo 104 sijawahi kufika. Nilikuwa mia na kumi na nane na nimesimama. Nikaogopa, nikatumia rula."

Katibu wa jopo aliacha kuandika. "Unasema taarifa ya Mratibu Mkuu ni ya uongo?"

"Ndiyo."

"Una ugomvi naye?"

"Ni mimi mwenyewe."

Jopo lilijadiliana kwa kunong'ona. Ikaonekana kuwa ile taarifa imeshapelekwa ngazi za juu, ambako imesifiwa, na kitu kilichosifiwa hakirudishwi. Ikaamuliwa kuwa kilo 104 ndizo sahihi, na Ndugu Odilo anapewa siku thelathini kuzifikia.

"Nitashuka nitakaposhuka," alisema Odilo. Alishangaa mwenyewe kusikia sauti yake ilivyotulia. "Cheo mkitaka kukichukua, chukueni."

Hakuna aliyekuwa na fomu ya jibu kama lile. Kikao kikaahirishwa.

Alikuwa ameshafika katikati ya korido aliposikia hatua nzito nyuma yake, za mtu asiyezoea kuharakisha. Halfan alimshika mkono, akamvuta hadi dirishani. Akangoja pumzi irudi.

"Mtweve. Mimi nilikatwa tumbo mwaka juzi," alisema kwa sauti ya chini sana. "Ofisini wanajua nilikwenda kusoma. Nimesimama mia na thelathini na moja tangu Idi ya mwaka jana."

Odilo aligeuka kuangalia kama korido ina watu.

"Taarifa yako nilikaa nayo mezani wiki nzima. Nilikuja Makambako nikuone kwa macho yangu. Nikarudi nikaanza hizo kilomita nane, zote siku moja. Magoti yakavimba, nikalala siku tisa. Nikawa najiuliza, mbona Mtweve anaweza?"

Katika utumishi wake wote Ndugu Odilo alikuwa ameandika taarifa zipatazo mia mbili, na hakuwahi kufikiri kuwa kuna mtu angeziamini.

"Nisamehe," alisema. "Siku ya kwanza niliishia kwenye mashine ya kusaga. Nikapewa kiti, nikakaa nusu saa."

"Nusu saa?"

"Kasoro dakika chache."

Halfan aliangalia nje, midomo ikimcheza. "Unahudhuria kwa nani?"

"Sista Zamda. Alhamisi. Uende mapema, foleni yake ni ndefu na haijui cheo."

"Nikae foleni, mimi?"

"Kwenye benchi, Mkuu."

Mratibu wa Mkoa alichomoa kalamu, akaandika *Alhamisi* nyuma ya ajenda ya jopo, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Makarani wawili walikuwa wanakuja na mafaili. Halfan akanyoosha mgongo, akakohoa, akairudisha ile sauti ya vipaza sauti.

"Na hizo kilo, Ndugu Mtweve, nitazifuatilia mimi mwenyewe mpaka mwisho."

"Sawa, Mkuu," alisema Odilo.