Radhi ya Mwanamvua

Jumamosi, 2 Agosti 1952. Kisarawe.
Kifua kibaya. Mganga wa zahanati amenisikiliza mgongoni, akaniambia nikae karibu na watu wangu. Nimemwelewa.
Nina jambo moja la kumaliza. Mke wangu wa kwanza, Mwanamvua, yuko Mzenga. Nilimwacha mwaka 1916, nikaenda vitani, karani wa wapagazi wa Mjerumani. Vita vikaisha. Nikabaki Tabora miaka kumi na miwili kwa mwanamke mwingine. Bila talaka, bila salamu. Niliporudi niliona haya kufika kwake, na haya hiyo ina miaka ishirini sasa. Sitaki kufa bila radhi yake. Tatizo ni ukweli. Haunipendezi.

Jumapili, 3 Agosti.
Gari la sinema limekuja. Shuka jeupe ukutani, mji mzima chini. Picha ya askari wa Kizungu: bomu likamlipukia vitani, akamsahau mkewe, akasahau hata jina lake. Wanawake wote wakalia. Hata Mwanaamina muuza vitumbua, asiyelia msibani. Wala hakuna aliyemlaumu yule bwana.
Lakini amesahau mke, hajasahau kufunga tai. Vipi? Nimelifikiria sana. Dawa yangu nimeipata.

Jumatatu, 4 Agosti.
Mazoezi ya kusahau. Nimemwuliza jirani na mtani wangu Mashaka, Mnyamwezi, yeye ni nani. Akasema yeye ni bwana wangu, mimi mtumwa wake, na leo sijamfagilia uwanja. Utani huo sikuuvumilia. Nikamtukania ukoo wake hadi babu wa tatu, kwa majina. Akasema kwa mtu aliyepoteza kumbukumbu, nina orodha ndefu.

Jumatano, 6 Agosti.
Mzenga, kwa lori la mihogo. Mwanamvua amezeeka vizuri, anakaa peke yake. Nikamweleza: bomu, Mahenge, giza kichwani, hata jina langu Zahoro sikulijua.
Akasikiliza kwa makini. Akauliza kama nilikumbuka kula. Nilikumbuka. Kuswali je? Rakaa zote. Kuoa? Nikakohoa.
Akauliza basi nani alimwandikia kaka yangu Pazi, mwaka 1920, kwa jina langu kamili, akitaka apelekewe Tabora kanzu yangu ya darizi. Pazi aliisoma barua barazani. Wakati huo nilishahesabiwa nimefia vitani, arobaini yangu ilishapita miaka miwili, na Mwanamvua ameshaolewa. Wazee wakashauriana, wakaona khitma imesomwa na wali umeliwa, haurudi chunguni. Nikabaki marehemu.
Nikasema kweli yote. Nililia, na safari hii si mazoezi. Nikaomba radhi.
Akasema yeye alishamsamehe marehemu mumewe siku ile ya arobaini, mbele ya watu, kwa moyo mweupe. Eda alimkalia, miezi minne na siku kumi. “Lakini wewe, mzee wangu, sikufahamu. Kunywa uji, lori linaondoka.”
Uji ulikuwa mzuri.

Alhamisi, 7 Agosti. Kisarawe.
Nimewaza njia nzima. Jambo liko wazi: maskini Mwanamvua amepoteza kumbukumbu. Uso wangu huu, na hanifahamu! Mgonjwa kama huyo haachwi peke yake.
Jumamosi kuna lori jingine. Sitamshtua. Nitaanza upya, pole pole. Nitamwambia mimi ni mgane kutoka Tabora, naitwa Adamu.