Flashi ya Bibi na Kompyuta ya Ami Raad

Jumapili, 23 Juni
Kompyuta imerudi kutoka kwa fundi Abu Sajjad na diski mpya. Ile ya zamani ilikufa ikikoroma. Fundi alitaka aniwekee na mfumo endeshi, maana diski mpya haina hata wazo moja kichwani. Nikamshukuru, nikakataa. Mwanafunzi wa kwanza kwa fizikia ashikwe mkono? Haiwezekani! Kompyuta niliachiwa na Ami Raad alipooa. Bila hiyo sina pa kuchorea pampu zangu, na bila pampu sitakuwa mhandisi. Mama amesema isipowaka kufikia Ijumaa, itapanda lile gari la vyombo vikuukuu linalopita na kipaza sauti. Anataka mahali pa friza. Bibi akanitetea, akamwambia Mama amwache mtoto, mbona hata yeye alichelewa kuwaka. Mama hakucheka. Nina mtetezi mmoja tu nyumbani. Atatosha.

Jumatatu, 24 Juni
Huzuni. Niliazima kompyuta ya binamu yangu Dhuha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, nipakue mfumo alfajiri. Mtandao hakuna! Umezimwa nchi nzima ili watahiniwa wasiibe mitihani. Huzimwa kila Juni, saa chache za asubuhi. Nilijua, ila sikukumbuka kwamba najua. Dhuha akauliza kama naitengeneza kompyuta au naisomea hitima. Mtandao uliporudi nikapakua kwa heshima yangu iliyobaki.

Jumanne, 25 Juni
Mfumo lazima uwekwe kwenye flashi. Dhuha ameninyima yake. Mchoyo! Lakini Bibi anayo moja, imechomekwa redioni mwaka mzima. Ina sauti ya marehemu dada yake, Bi Fakhria, akiwaongoza wanawake katika maombolezo ya Muharram. Nikaichomoa Bibi akiwa kwenye sala. Nilidhani mfumo utakaa pembeni ya Bi Fakhria, kama wageni wanavyobanana sebuleni. Kompyuta ya Dhuha ikauliza kama nina uhakika. Nimefundishwa kujibu maswali kwa uthabiti. Nikajibu ndiyo.

Jumatano, 26 Juni
Bibi aliwasha redio akichambua bamia. Kimya. Akaipiga kofi. Kimya. Nikasema labda redio imechoka. Akasema Fakhria hakuwahi kuchoka. Ikabidi niseme kweli, kwamba mfumo ulimfuta Bi Fakhria. Hakunifokea, afadhali angefoka. Alinawa mikono, akamuuliza Mama friza ina upana gani.

Alhamisi, 27 Juni
Joto la Basra leo linayeyusha hata nia njema. Nilianza kuweka mfumo. Ukatambaa vizuri, ukakaribia mwisho. Kwa furaha nikawasha birika la umeme, nimpikie Bibi chai ya limau kavu, nimwombe radhi. Pap! Giza. Tulikuwa kwenye jenereta ya mtaa, na ampea zetu, yaani umeme tunaoulipia, zinatosha feni, friji, taa na kompyuta, basi. Hata watoto wa chekechea hawawashi birika kwenye jenereta. Mama akapiga kelele ni nani huyo mwenye akili. Kutoka ng'ambo ya ukuta Dhuha akajibu: “Mhandisi!” Nikaanza upya. Kioo cheusi, chai baridi.

Ijumaa, 28 Juni
Kipaza sauti mtaani: friji mbovu, betri, mashine za kufulia! Mama tayari mlangoni. Mfumo ungali unatambaa. Nikamwomba dakika moja, nikamwomba Mungu mbili. Ikawaka! Mama akasema imewaka, sawa, ila Bibi ndiye aamue. Bibi akatazama ukuta. Hapo akaingia Dhuha na flashi yake. Mama yake alinakili sauti ya Bi Fakhria zamani. Akaniambia ndiyo maana hakuniazima, kichwa maji mimi, angenipa ningemuua marehemu mara mbili. Tukaichomeka redioni. Bi Fakhria akapaza sauti nyumba nzima. Bibi akaketi sakafuni na kujipiga kifua polepole, akifuatisha maombolezo. Mwenye gari akauliza kama kuna mzigo au hakuna. “Nenda salama, mwanangu,” Bibi akasema, “hapa watu wanasikiliza.” Ameamuru kompyuta ibaki imtunzie nakala ya sauti ya dada yake humo ndani, na flashi ya Dhuha ikae redioni hadi Muharram ipite. Mama amepima ukumbi wa nyuma.

Jumamosi, 29 Juni
Kompyuta inafanya kazi, lakini polepole mno. Kuandika jina langu tu, Tabarak, kunachosha. Nimesoma kwamba upo mfumo mwingine, mwepesi, unaozifaa kompyuta zilizozeeka. Unataka diski nzima na flashi moja. Ile yake Bibi ameninyang'anya, lakini ya Dhuha ipo redioni, na Bibi hulala baada ya chakula cha mchana. Sina wasiwasi. Safari hii nitasoma swali lote, mpaka mwisho, kabla ya kujibu ndiyo.