Mazishi ya Mota

Daktari wa Mota alikuwa ameinamia kikombe cha chai ya mkopo pale kibandani, sikio lake la kushoto, ambalo ndilo lililokuwa likimlisha miaka yote, liliponasa sauti ya mwanamke wa meza ya pili akilia na simu.

"Nakwambia imegoma!" mwanamke alisema, kwa sauti ya mtu anayeamini simu haifiki mbali bila kusaidiwa. "Naiwasha, taa inawaka, mkono unakwenda huku na huku, lakini mota ya kukatia haizunguki. Kimya! Na kitanda cha harusi hiki, mdogo wangu. Bwana harusi ameshalipa nusu, na hiyo nusu nimeshaila."

Daktari alisukuma kikombe pembeni. Kuna watu husikia mwenzao analia wakaingiwa na huruma. Yeye aliingiwa na njaa.

Tuseme ukweli, Daktari hakuwahi kusomea kitu. Shahada zake zilikuwa mbili: bisibisi ndefu yenye mpini mwekundu, na koti jeupe alilorithi kwa muuza nyama aliyefunga bucha. Lakini alikuwa amegundua jambo ambalo wasomi hawakuligundua. Siku hizo mashine za kuchonga mbao zilikuwa zimeingia mjini, zile ndogo za kuweka nyumbani: meza, mkono wa chuma unaotambaa juu yake, na kwenye ncha ya mkono mota inayozungusha jino la kukata. Watu walizinunua, wakatoa makochi sebuleni, wakaanza kuchonga vibao vya majina na maua ya vitanda. Na kwa kuwa mashine hutetemeka kutwa nzima, haikosi kuugua. Waya hulegea. Swichi hujaa vumbi la mbao. Fundi mwaminifu angekaza waya, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Daktari, namshukuru Mungu kwa niaba yake, hakuwa na ugonjwa huo wa uaminifu.

Yeye aliweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Kisha aliwageukia wenye nyumba kwa huzuni kubwa.

"Poleni wafiwa," alisema. "Imekufa."

Hapo ndipo ilipotoka mota "mpya" mfukoni mwake, kwa bei ambayo sitaitaja, maana kuna watu wana shinikizo la damu. Ile iliyokufa aliibeba bure, kwa wema tu, eti maiti ya mota huweza kuwaka moto yenyewe watu wamelala. Akifika kwake aliipulizia rangi nyeusi, ikikauka ilikuwa mpya ya nyumba inayofuata. Mota za mji ule zikawa zinahamahama kama wapangaji, zikifia nyumba hii na kuzaliwa nyumba ile, na zote zilikuwa na afya kuliko Daktari mwenyewe.

Ndiyo maana mtaji wake wote duniani ulikuwa mota moja. Hakuhitaji ya pili. Lakini akiipoteza hiyo, basi, koti lirudi bucha.

Na biashara ilikuwa na mwiko mmoja: mota ya mgonjwa haiwashwi. Huwezi kufufua maiti mbele ya wafiwa halafu ukadai gharama za mazishi.

"Mama, samahani," alisema akiusogelea ule msiba wa simu. "Sikusikiliza, ila nimesikia."

Mwanamke alimtazama kutoka viatu mpaka koti. Alikuwa mnene wa wastani, na vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Daktari wa Mota."

"Jamani!" Alijishika kifua. "Kweli Mungu hamtupi mja wake. Twende, baba, twende upesi."

Njiani kila aliyepishana nao alimwamkia, "Shikamoo, Shangazi," kuanzia kinyozi mpaka fundi viatu, hata mzee mmoja aliyeonekana kumzidi umri. Shangazi wa mtaa mzima! Daktari alifurahi. Shangazi mmoja akisifu kazi, wapwa wote wanakuja na mashine zao.

Sebuleni kwa Shangazi palinuka vanishi mpaka Daktari akatokwa machozi. Mwenye nyumba alikuwa amepaka vigoda kadhaa na kuvipanga ukutani vikauke. Daktari hakujali, maana machozi yanamkaa vizuri mtu wa kazi yake. Juu ya meza ya mashine kulikuwa na ubao wa kichwa cha kitanda, waridi zimechongwa upande mmoja, na jani la mwisho limekatikia katikati.

Alianza uchunguzi. Umeme ulikuwapo, taa iliwaka. Fyuzi nzima. Alifungua kifuniko cha nyuma ya mota, na pale, peupe kabisa, waya mwekundu ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake, unaning'inia. Alizungusha jino kwa kidole. Lilizunguka laini, bila kukwaruza. Lo! Mota kubwa, tena nzuri kuliko ile aliyokuwa nayo mfukoni. Alivuta mkono wa koti akaufunika waya, asije Shangazi akauona akaponya mgonjwa.

Bisibisi sikioni. Macho yakafumbwa.

"Poleni wafiwa."

"Usiniambie!"

"Imekufa, Shangazi."

"Hatuwezi kuiwasha kidogo tu tukaona?"

"Shangazi yangu, marehemu hawashwi."

"Lakini una hakika? Maana nasikia wakati mwingine ni waya tu."

Daktari aliona moyo wake ukiruka hatua, akaurudisha. "Shangazi, mimi nimezika mota nyingi mjini hapa. Hii imekufa, imepoa, imeoza. Hata ukiipeleka ng'ambo watakurudishia."

"Haya," alisema Shangazi polepole. "Umesema kwa mdomo wako."

Walipofika kwenye bei, Shangazi alikaa chini. Alilia hana, akalia bwana harusi, akalia ujane, akazilia na nguo za watoto ambao kwa umri wake lazima walikuwa na watoto wao. Mwishowe akajifuta uso, akasimama.

"Basi, baba, acha. Asante kwa kunipima. Kesho anakuja mtoto wa kaka yangu, anafanya kazi ya umeme. Ataitazama."

Umeme! Daktari aliuona waya mwekundu katika mawazo yake, na huyo mtoto wa kaka akiukaza huku anacheka.

"Hapana, Shangazi, hapana. Hawa vijana watakuunguzia nyumba. Sisi ni binadamu, tunasaidiana. Nipe kishika uchumba tu leo, baki bwana harusi akichukua kitanda chake."

Kishika uchumba chenyewe kilikuwa hata chai ya kibandani hakilipi vizuri, lakini Daktari alikuwa akihesabu mota, si noti. Alitoa mota yake nyeusi, akaifunga, akawasha. Ikaimba. Jino likashuka kwenye ubao na kumalizia lile jani, na Shangazi akapiga makofi kama mtoto. Kisha alimsaidia kuiviringisha ile iliyokufa kwenye gazeti, akambebea mfuko mpaka getini.

"Umzike vizuri," alisema.

"Kwa heshima zote, Shangazi."

Alitembea akipiga mluzi. Kutoa mota ndogo na kupata kubwa! Angekuwa mtu wa wasiwasi kidogo, angepita mahali akaijaribu. Lakini kwa nini ajaribu? Waya si aliuona kwa macho yake? Daktari anayepima mara mbili ni yule asiyejua kitu. Akaipulizia rangi, akaianika, ikakauka.

Aliyefuata alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mchongaji wa vikombe vya mbao vya kuwatunuku washindi wa michezo, mtu mkimya mwenye miwani na tabia ya kusimama nyuma ya mtu anayefanya kazi. Kwake swichi ilijaa vumbi. Daktari akaipuliza kwa siri, akajifanya anakohoa. Halafu bisibisi, macho, poleni wafiwa, na mota ya mstaafu ikang'olewa ikawekwa sakafuni kwa adabu. Ile mpya ya Shangazi ikafungwa mahali pake.

Sasa ilifika sehemu aliyoipenda kuliko zote, ile ya kuwasha. Alisimama kando, akamwonyesha mstaafu kitufe kwa kiganja wazi.

"Karibu, mwalimu. Zindua mwenyewe."

Mwalimu akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Mota haikuzunguka, ila ilianza kupata joto, na joto likaamsha harufu: ya waya za ndani zilizoungua zamani, zikaungua zote, zikaisha. Harufu ile ambayo sebuleni kwa Shangazi ilikuwa imelala chini ya vanishi ya vigoda.

Mwalimu alinyoosha mkono akachukua bisibisi, akaiweka kwenye mota, mpini sikioni. Alisikiliza kwa utulivu.

"Nadhani," alisema, "ni mimi wa kukupa pole."

"Mwalimu, hii ni... labda umeme wa mtaani..."

"Nirudishie ya kwangu."

"Hiyo imekufa, mwalimu."

"Najua. Nirudishie marehemu wangu."

Hakuna mtu aliyewahi kufunga mota kwa mikono mizito vile. Skrubu zilimdondoka. Alipomaliza, mwalimu alibonyeza, na marehemu akafufuka kwa sauti nzuri, swichi ikiwa imeshapulizwa. Mwalimu alizima. Alifunga mlango kwa ufunguo, akauliza maswali kwa utaratibu, kama anavyouliza mtu aliyezoea kuuliza wavulana nani amevunja dirisha. Daktari alijibu machache na kulia mengi. Alitolewa bila mfuko, bila zana na bila koti. Ushahidi, alisema mwalimu, akashika simu. Daktari aliachiwa bisibisi na mota iliyoungua, maana hivyo hakuna aliyevitaka.

Alikwenda kwa Shangazi mbio. Alikuwa na hasira ya haki, hasira tamu ya mtu aliyedhulumiwa, na hakuna anayedhulumiwa vibaya kama mdhulumaji.

Mashine iliimba mpaka barabarani. Waridi za kitanda zilikuwa zimekamilika pande zote mbili.

"Shangazi! Umeniuzia mbuzi kwenye gunia!"

Shangazi alizima mashine, akamkaribisha kwa macho. "Mimi nimekuuzia nini, baba? Wewe ndiye ulikuja na mfuko."

"Mota hii imekufa!"

"Ndivyo ulivyosema."

"Imeungua ndani yote!"

"Imekufa, imepoa, imeoza. Hata ng'ambo watakurudishia." Alikuna nyusi, vumbi likadondoka. "Umepima mota ngapi mjini hapa, Daktari? Na siku moja hiyo uliyosema kweli, ndiyo unakuja kulalamika?"

Daktari alifungua mdomo. Aliona kwamba ili kulalamika ilimpasa aseme: nilidhani nzima. Akaufunga.

"Ule waya mwekundu..." alisema hatimaye.

"Niliuchomoa mwenyewe, mota ikiwa imeshaungua. Na ile simu ya kibandani haikuwa na mtu. Mdogo wangu ulimzikia mota. Ile mpya uliyomuuzia ilipobabuka rangi, akakuta chini yake jina la fundi milango wa mtaa wa juu, kalikwaruza kwa msumari. Tukamtafuta huyo fundi milango. Kwenye ya kwake kulikuwa na jina la muuza fremu."

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Na mashaka ya Daktari yalikuwa yameanza kutoka jasho. Akashika kamba ya mwisho.

"Shangazi, basi nirudishie ile yangu. Ndiyo mtaji wangu. Sina nyingine. Nifanyie kama mtoto wa kaka yako."

"Mimi sina kaka," alisema Shangazi. "Sijawahi kuwa naye. Mtaa umeniita shangazi miaka yote, na hajatokea hata mmoja wa kuuliza wa nani."

Alimpokea bisibisi mkononi, taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mwavuli. Akaweka ncha kwenye kifua cha Daktari, mpini sikioni, akafumba macho.

"Inapiga kwa kasi hii," alisema. "Bado hai. Vizuri, maana kuna watu wanataka kukuona. Kishika uchumba nilikupa. Hiyo baki wamekuja nayo wao."

Katika chumba cha ndani viti vilikwaruza sakafu, vingi kwa pamoja. Mlango ukafunguka. Mdogo mtu alitangulia, fundi milango akafuata akikunja mikono ya shati, na nyuma ya bega lake muuza fremu akachungulia.

Daktari hakusubiri kuamkiana. Aliruka vigoda, akagonga geti kwa bega, akashika barabara, na kinyozi na fundi viatu wakasimama kumtazama akipita.

"Daktari!" Shangazi aliita kutoka getini, ameikumbatia ile mota iliyoungua kwa mikono miwili. "Daktari, umesahau marehemu wako!"