Amri Juu ya Nyumba Zisizouza Kitu

Kwa furaha kubwa tunautangazia ulimwengu kwamba mji wa Kasongo umemtambua adui wa maendeleo. Si barabara mbovu, wala si giza. Ni nyumba za zamani ambazo barazani hakuuzwi kitu. Tume ya Kuchangamsha Biashara imeamuru zote zibomolewe, mahali pake pajengwe vibanda.

Wananchi walitii. Baraza zikajaa majani ya sombe, makala ya kupikia, kandambili na mafuta ya mawese. Mzee Hamadi, asiye na mtaji, aliuza kivuli cha ukuta wake. Tume ilimpongeza.

Ikabaki nyumba ya Mama Véronique: matofali ya kuchoma, kuta nene, mlango aliouchonga babu yake mwenyewe. Mwenyekiti wa Tume, Shefu Hippolyte, alifika na Placide, fundi wa kubomoa, nyundo begani.

"Mama, hapa munauza nini?"

"Hapa? Tunaikala tu."

"Kuikala si biashara. Placide, anza!"

"Ngojeni kwanza, shefu. Ile biro yenu iko mu barabara hii hii, nyumba ya zamani kupita yangu. Kule munauza nini?"

Placide, ambaye hulipwa kwa kila ukuta, aliitazama biro, ofisi ya Tume, kwa heshima ya kitaalamu.

"Shefu, ile iko na kuta mingi."

Akaondoka kuelekea huko. Shefu akamfuata mbio, na nusu ya soko ikamfuata Shefu.

Mlangoni pa biro walikuwa wamejipanga mstari wananchi wanaongoja sahihi ya Shefu, karatasi mkono huu, noti iliyokunjwa mkono ule. Placide akainua nyundo.

"Semeni, shefu. Munauza kitu ao hamuuzi?"

"Anauza!" Arlette, muuza makala, alipaza sauti kutoka mstarini. "Anauza sinyatire yake ya karatasi! Na bei inapandaka kila siku! Kubali tu, shefu, biro ipone!"

Shefu aliitazama nyundo, akawatazama watu. Ni mara chache utawala umewahi kufikiri kwa kasi namna ile.

"Hapa hatuuzi kitu!" akatangaza. "Na kuanzia leo, nyumba ya zamani isiyouza kitu ni urithi wa taifa. Haiguswi! Hata ile ya Mama Véronique."

Watu walipiga makofi. Arlette akafunga noti yake kwenye pindo la kitenge, akamwekea karatasi mbele.

"Aksanti, shefu. Basi sainini."

Nyuma yake, mstari mzima ulikuwa unarudisha noti mifukoni.